Neno Lililotundikwa Ukutani

Mgeni anayealikwa kunywa chai kwa desturi ya Kijapani haanzi kwa kunywa, wala haanzi kwa mazungumzo. Huingia chumbani kwa magoti, huenda hadi kwenye shubaka lililojengwa ukutani, huweka mikono yake sakafuni, huinama, kisha huinua uso na kutazama maandishi. Maandishi hayo yako juu ya gombo la karatasi lililotundikwa, na mara nyingi yameandikwa kwa mkono wa mtawa wa Kibudha wa dhehebu la Zen. Akiisha kuyatazama, ndipo huenda kuketi mahali pake na kumngoja mwenyeji.

Mkristo anayesikia habari hii kwa mara ya kwanza huuliza swali moja upesi: Je, huku si kuisujudia karatasi? Swali hilo ni la haki, nami nitalirudia. Lakini liko swali la pili ambalo huja polepole zaidi, nalo linatuhusu sisi. Sisi huitwa watu wa Neno. Nyumba zetu, makanisa yetu, magari yetu na simu zetu zimejaa aya za Maandiko. Ni lini tulinyamaza mbele ya mojawapo ya aya hizo kabla hatujaanza kusema maneno yetu wenyewe?

Katika makala hii nataka kuyapima magombo ya chai, kwanza kama kazi za sanaa, kisha kwa kipimo cha imani yetu. Hoja yangu ni kwamba sanaa hii inajua jinsi neno linavyopaswa kupokelewa, tena inajua kuliko wengi wetu. Lakini kuna jambo moja kuhusu neno ambalo sanaa hii haiwezi kutupa, na hilo tusiliachie kwa sababu ya uzuri wake.

Desturi ya chai, ambayo Wajapani huiita chanoyu, ilipata sura yake inayojulikana leo katika karne ya 16, hasa kwa kazi ya Sen no Rikyū, aliyezaliwa mwaka 1522 katika mji wa biashara wa Sakai na kufa mwaka 1591. Rikyū alipenda vyumba vidogo. Chumba cha Taian kilichoko Yamazaki, karibu na Kyoto, ambacho huhesabiwa kuwa kazi yake, kina nafasi ya mikeka miwili tu ya tatami. Watu wawili wakilala, kimejaa. Mlango wa wageni ni mdogo kiasi kwamba hakuna anayeweza kupita bila kuinama na kutambaa. Bwana mkubwa mwenye upanga aliuacha nje.

Ndani hakuna mapambo ya ukutani isipokuwa lile gombo la shubakani, nalo ni moja. Mwenyeji amelichagua kwa ajili ya siku hiyo na wageni hao. Ameangalia majira ya mwaka, sababu ya mwaliko, na hali ya wale wanaokuja, wenye furaha au wenye msiba. Kitabu cha kale kinachosimulia mafundisho ya Rikyū hulihesabu gombo kuwa la kwanza miongoni mwa vyombo vyote vya chai, mbele ya bakuli na birika, na husema kwamba kinachoheshimiwa ni maana ya maneno pamoja na maisha ya aliyeyaandika. Na katika mwaliko kamili, wenye chakula na chai, gombo halibaki hadi mwisho. Wageni wakitoka kwenda bustanini kupumzika, mwenyeji huliondoa, hulikunja, na kuweka ua. Wageni wakirudi, neno halipo tena ukutani. Wanalo lile tu walilolichukua moyoni.

Hapo ndipo ninapoona akili ya sanaa hii. Mwenyeji angeweza kuonyesha utajiri wake kwa kutundika magombo kumi. Yeye hutundika moja, tena kwa muda.

Maandishi ya watawa wa Zen huitwa bokuseki, yaani nyayo za wino, na jina hilo linayafaa. Wino wake hutengenezwa kwa masizi na gundi, hukaushwa mpaka uwe kipande kigumu, kisha husuguliwa kwa maji juu ya jiwe. Brashi ni ya manyoya. Karatasi hunywa wino mara moja, kwa hiyo hakuna kufuta wala kurekebisha. Mwenye jicho lililozoea anaweza kufuata mwendo wa mkono kama mtu anayefuata nyayo mchangani: hapa brashi ilitua ikiwa imejaa, hapa ilikimbia, hapa wino ulikwisha naye mwandishi akaendelea bila kuchovya tena.

Tuchukue mfano mmoja. Ikkyū Sōjun alizaliwa mwaka 1394 na kufa mwaka 1481. Mwaka 1474, akiwa mzee wa miaka 80, aliteuliwa kuwa mkuu wa hekalu la Daitokuji mjini Kyoto, wakati hekalu hilo lilikuwa limeharibiwa na vita. Magombo mawili ya mkono wake yamehifadhiwa katika Shinju-an, mojawapo ya mahekalu madogo yaliyo ndani ya eneo la Daitokuji. Yakisomwa pamoja yanatoa agizo la zamani la Kibudha ambalo halina fumbo lolote: gombo la kwanza linaagiza kuacha maovu, la pili linaagiza kutenda mema. Kuhusu agizo hilo kuna kisa cha Kichina. Bai Juyi, mshairi na ofisa wa serikali aliyeishi kati ya mwaka 772 na 846, alimwuliza mtawa mmoja kiini cha mafundisho yake, akajibiwa kwa agizo hilohilo. Mshairi akaona kwamba hilo hata mtoto wa miaka mitatu analijua. Mtawa akakubali, lakini akamwambia kwamba hata mzee wa miaka 80 bado hajaweza kulitenda.

Ikkyū aliandika kana kwamba ndiye huyo mzee. Brashi inashuka kwa kasi na nguvu, wino unakauka njiani, na mahali pengine herufi zimebaki kuwa michirizi kama ardhi iliyofagiliwa kwa fagio gumu. Kazi hii ni kubwa kwa sababu mwandiko unalirudishia agizo uzito wake. Kama maneno hayo yangeandikwa kwa herufi nadhifu za kupendeza, tungetikisa kichwa kukubali na kupita. Hapa hatupiti kirahisi, maana tunamwona mtu akipambana na jambo alilolijua tangu utotoni.

Linganisha na aya tunazotumiana kwenye simu, zilizochapwa juu ya picha ya maua au machweo ya jua. Zaburi ya furaha na zaburi ya maombolezo huvaa nguo moja. Herufi hazijui zinasema nini. Anayezipamba hivyo huenda ana nia njema, lakini anatufundisha bila kujua kwamba kila neno la Mungu ni tamu na jepesi, jambo ambalo Yeremia na Ayubu hawangekubali.

Hata hivyo mwandiko wa namna hii una kasoro, nayo si ndogo. Wageni wengi hawawezi kuusoma. Maneno mara nyingi ni ya Kichina cha kale, na herufi zimeunganishwa na kufupishwa kiasi kwamba hata Mjapani aliyesoma vizuri huhitaji msaada. Ndiyo maana ni desturi mgeni mkuu kumwuliza mwenyeji habari za gombo. Kuuliza huko kuna faida, maana neno lililoulizwa hukaa kuliko neno lililotupwa mbele yetu. Lakini Mungu alipomwambia Habakuki aandike maono yake, katika sura ya pili ya kitabu chake, alitaka yasomeke wazi hata kwa mtu aendaye mbio. Maandiko yetu yalitolewa ili yaeleweke na mvuvi, mjane na mtoto. Uzuri unaozuia maana una gharama, na gharama hiyo hulipwa na yule asiyesoma.

Tukienda mbele kidogo tunakutana na jambo gumu zaidi. Zen hufundisha kwamba ukweli wa mwisho haukai katika maandishi; mwalimu humpa mwanafunzi wake kutoka moyo hadi moyo. Lakini ni watu hawahawa waliokipa kipande cha maandishi heshima ya kwanza katika chumba. Wanaoitetea desturi hii husema kwamba wanauheshimu moyo uliopita katika mkono, na karatasi ni njia tu. Hebu tuone yaliyoipata karatasi hiyo.

Katika Makumbusho ya Taifa ya Tokyo kuna gombo la Yuanwu Keqin, mwalimu wa Kichina ambaye Wajapani humwita Engo. Liliandikwa mwaka 1124 kwa ajili ya mwanafunzi wake Huqiu Shaolong, kuthibitisha kwamba amefikia kuelewa. Lilikuwa barua ya mwalimu kwa kijana wake. Inasimuliwa kwamba lilifika pwani ya Satsuma likielea baharini ndani ya mwanzi wa mbao, na kwa hiyo huitwa Engo aliyeelea. Inasimuliwa pia kwamba bwana wa Sendai, Date Masamune, alilitaka, na ili apate sehemu yake, Furuta Oribe, mwanafunzi wa Rikyū, akalikata mara mbili. Nusu ya kwanza ndiyo iliyobaki. Ni hazina ya taifa.

Katika makumbusho hayohayo kuna gombo jingine, la Xutang Zhiyu, mwalimu wa karne ya 13 ambaye Wajapani humwita Kidō. Hilo lilikuwa mali ya nyumba ya mfanyabiashara mmoja wa Kyoto. Mwaka 1637 mtumishi wa nyumba hiyo alijifungia ghalani, akalikata gombo vipandevipande, kisha akajiua. Vipande viliunganishwa tena, na tangu hapo huitwa Kidō aliyechanika. Baadaye Matsudaira Fumai, bwana wa Matsue na mpenzi mkubwa wa chai, alilinunua na kulitunza.

Soma visa hivyo viwili pamoja. Mmoja alikata kwa sababu ya kupenda mno. Mwingine alikata kwa uchungu, na jambo la kumpata bwana wake pale panapouma zaidi lilikuwa ni gombo. Katika visa vyote viwili maneno ya mwalimu yamegeuka mali. Barua iliyoandikwa ili mwanafunzi mmoja awe huru imekuwa kitu cha kumilikiwa, kugawanywa na kulipiziwa kisasi. Nao mtumishi yule tusimpite haraka. Katika nyumba iliyokuwa na neno la mtu mtakatifu wa Kibudha ndani ya sanduku la thamani, alikuwako mtu aliyefika mwisho wa njia yake, na gombo halikumsaidia.

Msomaji wa Biblia atakuwa amekumbuka gombo jingine lililokatwa. Katika Yeremia sura ya 36, Baruku anaandika maneno ya Mungu kutoka kinywani mwa nabii. Gombo linasomwa mbele ya mfalme Yehoyakimu akiwa ameketi katika nyumba yake ya wakati wa baridi. Kila baada ya kurasa chache mfalme anazikata kwa kijembe cha mwandishi na kuzitupa motoni, mpaka gombo lote linateketea. Yehoyakimu alilikata kwa sababu alisikia lilichosema naye hakukipenda. Lakini tazama kilichofuata. Mungu hakuomboleza karatasi. Alimwagiza Yeremia achukue gombo jingine, na Baruku akaandika tena maneno yale yote, na mengine mengi ya kufanana nayo yakaongezwa.

Hapa ndipo njia zetu zinapoachana. Nusu ya pili ya gombo la Engo ikipotea, imepotea, kwa sababu thamani yake yote iko katika mkono uliokwisha kufa. Hakuna anayeweza kuuandika tena. Neno la Mungu linaweza kuandikwa tena na Baruku yeyote, kwa wino wowote, kwa lugha yoyote, hata kwa Kiswahili, nalo likabaki lilelile. Hatuna hata mstari mmoja ulioandikwa kwa mkono wa Bwana wetu. Katika Yohana sura ya 8 aliandika kwa kidole ardhini, na hakuna aliyetuhifadhia alichoandika. Mwanamke aliyesimama pale hakupewa kumbukumbu ya mwandiko. Alisemeshwa, akaachiliwa, akaambiwa aende akaishi upya. Gombo la chai linaweza kumnyamazisha mgeni, na kunyamaza ni jambo jema. Lakini aliyeliandika hayuko tena kumjibu.

Turudi sasa kwenye swali la kwanza. Je, Mkristo anaweza kuingia katika chumba kile? Historia inatupa jibu la mtu halisi. Takayama Ukon alizaliwa yapata mwaka 1552, akabatizwa akiwa mtoto na kuitwa Justo. Alikuwa bwana wa nchi na askari, tena alihesabiwa miongoni mwa wanafunzi saba wakuu wa Rikyū katika chai. Wakati huo Alessandro Valignano, msimamizi wa wamisionari Wayesuiti, alikuwa ameagiza nyumba zao nchini Japani ziwe na mahali pa kuwapokea wageni kwa chai. Mmisionari mwingine, João Rodrigues, aliandika kwamba yeye na wenzake walimsikia Ukon mara kadhaa akisema chai ilimsaidia katika wema na utulivu wa moyo. Alipotaka kujikabidhi kwa Mungu, alijitenga katika kile kijumba kidogo pamoja na sanamu takatifu, na humo akapata amani ya kusali.

Ukon hakukitupa chumba. Aliupokea mlango wa chini, ukimya, na desturi ya kuja mbele ya kitu kimoja tu. Lakini alipokwenda kusali alichukua pamoja naye ishara ya Yule aliyemwamini. Mwaka 1587 mtawala Hideyoshi alipowageuka Wakristo, Ukon alikataa kuikana imani, akapoteza nchi yake. Mwaka 1614 alifukuzwa Japani kabisa, akafika Manila, na mwanzoni mwa mwaka 1615 akafa huko. Mwaka 2017 Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenye heri katika ibada iliyofanyika Osaka.

Kwa hiyo kuhusu kuinama, jibu langu ni hili. Kuinama kwa Mjapani ni salamu na heshima. Wengi wetu tumelelewa kupiga goti tunapowasalimu wazee, wala hakuna anayedhani tunawaabudu. Ambaye dhamiri yake inamkataza aifuate, kama Paulo anavyofundisha katika 1 Wakorintho sura ya 8. Lakini naona hatari kubwa zaidi kuliko goti, nayo ni kuutosheka ukimya wenyewe, kuona kwamba tumekutana na Mungu kwa sababu tumetulia. Ukon alitulia ili asikie, na aliposikia alikuwa tayari kupoteza kila kitu.

Nasi je? Hatuna magombo ya kukata wala kugombania. Ugonjwa wetu ni wa upande wa pili. Neno tunalo kwa wingi, linaloeleweka, la bei nafuu, na tumelizoea kama tulivyozoea rangi ya ukuta. Aya iliyotundikwa sebuleni siku ya harusi iko palepale baada ya miaka 20, na wenye nyumba hawawezi kukwambia inasema nini bila kugeuka kuitazama. Aya ya asubuhi hutumwa kwa watu 200 kwa mpigo, haikuchaguliwa kwa ajili ya yeyote, na aliyefiwa jana huipokea sawa na aliyepata mtoto. Huo nao ni mwisho wa neno kuwa kitu, ingawa halina bei.

Kwa watu wa chai tunaweza kujifunza mambo matatu bila kuazima imani yao. Neno liwe moja. Lichaguliwe kwa ajili ya mtu anayekuja, baada ya kumfikiria kwa jina. Na liondolewe wakati wake ukifika, ili ijulikane kama lilibaki mahali pengine zaidi ya ukutani. Paulo, katika 2 Wakorintho sura ya 3, anawaambia Wakorintho kwamba wao wenyewe ni barua, iliyoandikwa kwa Roho wa Mungu aliye hai na si kwa wino. Barua hiyo haiwezi kufungiwa ghalani.

Ndugu msomaji, juma hili chagua mtu mmoja ambaye atafika nyumbani kwako, au ambaye wewe utakwenda kumtazama. Mfikirie. Tafuta katika Maandiko neno linalomfaa, uliandike kwa mkono wako mwenyewe, hata kama mwandiko wako ni mbaya, nawe uwe tayari kuketi naye akikuuliza maana yake. Huenda mtu huyo amefika mwisho wa njia yake na hajamwambia mtu. Mtumishi yule wa mwaka 1637 alikuwa na neno ndani ya nyumba, lakini hatusikii kwamba alikuwako mtu wa kuketi naye.